Mtumishi Aliyeazimwa: Safari Zake, Likizo Yake na Nyumba Aliyoiacha

Katika utumishi wa Serikali yako mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya, nayo ni kuhamishwa, kuchukua likizo bila malipo, na kuazimwa. Anayehamishwa hubeba kazi yake yote, pamoja na jalada lake, mpaka kituo kipya cha mwajiri yule yule. Anayechukua likizo bila malipo hufunga mlango wa ofisi kwa muda, na mshahara wake husimama. Walakini anayeazimwa hali yake ni ya namna nyingine: nguvu zake na ujuzi wake huenda kwa mwenyeji, bali cheo chake, jalada lake na pensheni yake hubaki kwa mwajiri wake wa asili. Ni kama jembe lililoazimwa na jirani wakati wa kulima. Jembe hulima shamba la jirani, lakini alama iliyo katika mpini ni ya mwenyewe, na msimu ukiisha halina budi kurudi.

Jambo hili si geni kwa jamaa za askari na watumishi wa Uganda. Maofisa wa polisi wa nchi mbalimbali za eneo hili hufanya kazi katika ofisi ya kanda ya Interpol iliyoko Nairobi. Huko huko Nairobi, katika mtaa wa Karen, yako makao ya Jeshi la Akiba la Afrika Mashariki, ambako maofisa wa kijeshi, wa polisi na raia huletwa na serikali zao. Huko Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalitangulia kuingia Machi 2007 chini ya AMISOM, misheni ya Umoja wa Afrika imebadilika jina mara mbili, ikawa ATMIS tangu Aprili 2022 na AUSSOM tangu Januari 2025. Hali kadhalika Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake makuu Arusha na vyombo vyake katika miji mingine, kama vile Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria huko Kisumu, Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria huko Jinja, na Kamisheni ya Kiswahili huko Zanzibar.

Yafaa kutofautisha hapa. Askari anayekwenda ng'ambo pamoja na kikosi chake kizima hutawaliwa na amri za jeshi lake, na likizo yake hupangwa na mkuu wa kikosi. Bali ofisa anayekwenda peke yake kujaza nafasi katika ofisi ya watu wengine huwa na mabwana wawili, na msemo wa wazee unaonya kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Huyu ndiye anayezungumzwa katika makala haya, yeye pamoja na mkewe au mumewe na watoto wake.

SOMO LA MWAKA 1977

Mwenye kudhani kwamba barua na mihuri ni ushupavu wa makarani tu, na atazame yaliyowapata watumishi wa Jumuiya ya kwanza. Mkataba wa Jumuiya hiyo ulitiwa sahihi Kampala mwezi wa Juni 1967, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Mashirika yake yalitawanywa ili kila nchi ipate sehemu yake: reli na ndege zikawa na makao makuu Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, na ofisi kuu ya Jumuiya ikawa Arusha. Maelfu ya watu walivuka mipaka kufuata kazi. Mganda aliweza kuonekana akifanya kazi Mombasa, Mkenya akawa Kampala, na Mtanzania akawa Nairobi, na wote waliamini kwamba siku ya kustaafu haki zao zingewafuata popote walipo.

Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Ndipo swali likazuka: huyu aliyefanya kazi kwa ajili ya nchi tatu, atalipwa na nani? Mpatanishi Mswisi, Victor Umbricht, alifanya kazi ya miaka mingi kugawanya mali na madeni, na mapatano yakatiwa sahihi Arusha mwezi wa Mei 1984. Katika mapatano hayo kila serikali ilikubali kuwalipa raia wake pensheni na haki zao nyingine. Hata hivyo, kukubali ni jambo moja na kulipwa ni jambo la pili. Katika miaka ya 2000 bado wazee waliokuwa watumishi wa Jumuiya ile walikuwa wakidai mafao yao Dar es Salaam, wengine wakiwa wamekwisha kuchoka kwa umri, na wengine wakiwakilishwa na wajane na watoto wao.

Jumuiya ya sasa iliundwa kwa mkataba uliotiwa sahihi tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Imekua mpaka kuwa na nchi nane, Somalia ikiwa ya mwisho kuingia mwaka 2024. Watu wanavuka mipaka tena kufuata kazi, na somo la 1977 halijachakaa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na miaka ya utumishi nayo ni mali.

BARUA MOJA, PANDE TATU

Jambo la kwanza kwa anayeazimwa ni barua. Haitoshi kupewa habari kwa simu, wala haitoshi mkuu wa idara kusema, "Nenda tu ndugu yangu, karatasi zitakufuata." Karatasi zinazofuata nyuma aghalabu hupotea njiani. Barua ya kuazimwa ni mapatano ya pande tatu, yaani ofisi inayomtoa mtumishi, ofisi inayompokea, na mtumishi mwenyewe, na kila upande hauna budi kuwa na nakala yake.

Barua iliyo kamili hujibu maswali yafuatayo bila kuficha neno. Muda wa kuazimwa unaanza tarehe gani na kwisha tarehe gani? Mshahara unalipwa na nani, na kwa fedha ya nchi gani? Posho ya nyumba, matibabu na nauli ni juu ya nani? Siku za likizo ni ngapi kwa mwaka, na ruhusa hutolewa na mkuu yupi? Akikosea kazini, ataadhibiwa kwa kanuni za nani? Nani atakayeandika taarifa ya kila mwaka juu ya kazi yake, na taarifa hiyo itafikaje katika jalada lake nyumbani? Na la mwisho, ambalo wengi hulisahau: je, miaka hiyo itahesabiwa katika pensheni, na kama mwenyeji anatakiwa kuchangia, mchango huo utapelekwa kwa nani?

Uzito wa swali hilo la mwisho waweza kupimwa kwa hesabu. Kanuni iliyotumika kwa watumishi wa umma wa Uganda kwa miaka mingi ni kwamba kila mwezi kamili wa utumishi huhesabiwa kuwa sehemu moja kwa 500 ya mshahara wa mwaka. Tuseme mtumishi ameazimwa kwa miezi 24, na mshahara wake wa mwisho utakuwa shilingi 12,000,000 kwa mwaka. Miezi 24 ikigawanywa kwa 500 na kuzidishwa kwa mshahara huo, hutoka shilingi 576,000 kwa mwaka, yaani shilingi 48,000 kila mwezi, kabla ya kutolewa sehemu ya kiinua mgongo. Endapo miezi hiyo haikuandikwa popote, mzee huyo atapungukiwa na fedha hizo kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake. Karatasi moja iliyokosekana imekula mfuko wa unga na sukari ya nyumba kwa miaka ishirini.

Liko pia suala la orodha ya mishahara. Mwaka 2023 Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya Uganda alifanya uhakiki wa watumishi ili kuwaondoa wafanyakazi hewa, na watumishi walitakiwa kujitokeza wenyewe wakiwa na vitambulisho na barua zao za ajira. Aliye mbali ambaye ofisi yake haina nakala ya barua ya kuazimwa ni rahisi kudhaniwa kuwa hewa. Kwa hivyo yampasa mtumishi kuhakikisha kwamba ofisa utumishi wa wizara yake anayo nakala hiyo, na kwamba anajua namna ya kumpata kwa simu wakati wowote.

HATI ZA SAFARI

Barua ikiwa tayari, zifuate hati. Katikati ya Uganda, Kenya na Rwanda raia wameweza kusafiri kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, na jambo hilo limewazoesha watu kusahau pasipoti. Anayekwenda Arusha asifanye mzaha huo, bali achukue pasipoti yenye muda wa kutosha. Raia wa Uganda hahitaji viza kuingia Tanzania, na hati ya kuingia chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, huweza kufika miezi sita. Walakini mtumishi anayekwenda kukaa miaka miwili hana budi kupata hati ya ukaazi kwa msaada wa ofisi inayompokea, na mkewe na watoto nao wahitaji hati zao. Kila mtoto awe na pasipoti yake mwenyewe, hata yule anyonyaye.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahauliwe. Anayetoka Uganda au Kenya huweza kutakiwa kukionyesha mpakani mwa Tanzania. Chanjo hiyo huanza kutambuliwa baada ya siku 10, kwa hiyo anayechanjwa jioni ya kuamkia safari amechelewa. Jambo la kufurahisha ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nacho, hata kama kimeandikwa miaka 10. Mwenye gari lake binafsi akumbuke pia bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania huitambua ingawa ilijitoa katika soko hilo mwaka 2000.

Kuhusu njia, wengi hutoka Kampala kwa barabara ya Busia au Malaba, wakapita Nairobi, kisha Namanga hadi Arusha. Masafa yote hukaribia kilomita 930, nayo yanavuka mipaka miwili. Vituo vya Busia na Namanga vilifunguliwa rasmi mwaka 2018 kuwa vituo vya pamoja, ambapo msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoiingia, akagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia katika jengo moja. Hilo limepunguza taabu, lakini halikufuta uchovu. Busara ni kuihesabu safari hiyo kuwa ya siku mbili, hasa ukiwa na watoto, na kulala Nairobi. Mwenye tiketi ya ndege hupanda Entebbe na kushuka katika uwanja wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971 kati ya Arusha na Moshi.

SAFARI ZA KAZI

Mtumishi aliyeazimwa husafiri mara nyingi kwa kazi ya mwenyeji wake. Leo mkutano Kigali, mwezi ujao semina Bujumbura. Yako mambo matatu ya kushikwa hapa.

Kwanza, safari ya kazi isianze bila kibali kilichoandikwa na mwenyeji, kikitaja mahali, tarehe na sababu. Askari analijua hili vizuri kuliko raia, kwa kuwa hawezi kutoka kambini bila amri ya safari. Kibali hicho si cha kuonyesha mpakani tu. Endapo ajali itatokea njiani, ndicho kitakachoonyesha kwamba aliyeumia alikuwa kazini, na juu ya kibali hicho fidia ya jamaa zake hutegemea.

Pili, masurufu ni fedha ya umma hata kama imetiwa katika mfuko wa mtu. Ahifadhi risiti kila siku, aandike matumizi usiku kabla ya kulala, na alete hesabu mara tu arudipo. Deni la masurufu lisilofungwa husubiri kimya kimya, kisha likajitokeza siku ya kumaliza muda wa kuazimwa, likakatwa katika mshahara wa mwisho ambao jamaa wameutegemea kwa kuhamia nyumbani.

Tatu, asichanganye safari ya kazi na likizo bila ruhusa. Huenda mkutano ukafanyika Kampala, na mtumishi akatamani kubaki siku nne ili awaone watoto. Si dhambi, bali aombe siku hizo kabla ya kuondoka na zikatwe katika likizo yake. Akibaki kimya akidhani hakuna ajuaye, siku nne za furaha zaweza kugeuka kuwa shtaka la utoro kazini, na shtaka hilo likaandikwa katika jalada la mwajiri wake wa asili.

HESABU YA LIKIZO

Likizo si zawadi ya mkuu wa kazi wala si uvivu wa mtumishi. Ni sehemu ya mapatano ya kazi kama ulivyo mshahara. Walakini aliyeazimwa huipoteza kwa urahisi kuliko wengine, na sababu ni mbili. Mwenyeji humtazama kama mgeni aliyekuja kwa muda mfupi, akamrundikia kazi. Na yeye mwenyewe, kwa kutaka kuonyesha bidii, husema atapumzika mwakani. Katika kanuni nyingi za utumishi, likizo isiyochukuliwa katika mwaka wake hufutika, isipokuwa mkuu ameandika kwamba iliahirishwa kwa sababu ya kazi. Neno la mdomoni halihesabiwi.

Kwa hivyo mwanzoni mwa mwaka mtumishi na akae na kalenda mbili, ya nchi aliyoko na ya nchi aliyotoka. Sikukuu za serikali hazilingani, na ofisi aghalabu hufuata sikukuu za nchi iliyoko. Tarehe 9 Oktoba, wakati Kampala inasherehekea uhuru, Arusha ni siku ya kazi. Na tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Namugongo, ni vivyo hivyo. Upande wa pili, tarehe 26 Aprili, siku ya Muungano, na tarehe 8 Agosti, siku ya Wakulima, ofisi za Tanzania hufungwa na za Uganda zikawa wazi. Shule nazo ni vivyo hivyo. Nchini Uganda mwaka una mihula mitatu, na likizo ndefu ni ile ya Desemba na Januari. Nchini Tanzania shule hufunguliwa Januari na kupumzika katikati ya mwaka, aghalabu mwezi wa Juni. Baba anayechukua likizo Juni kwa kuiga wenzake wa Arusha atafika Kampala akute watoto wako darasani.

Na tutazame mfano. Tuseme barua inampa mtumishi siku 30 za kazi kwa mwaka, naye ameamua kuzigawa mara mbili, siku 15 kila mara. Akiondoka Arusha siku ya Jumamosi asubuhi, atafika Kampala Jumapili. Siku zake 15 za kazi zinaanza Jumatatu na kwisha Ijumaa ya juma la tatu, na safari ya kurudi huangukia Jumamosi na Jumapili. Ukihesabu, amepata siku 19 kamili nyumbani. Bali akianza likizo hiyo hiyo siku ya Jumatano, ataimaliza Jumanne ya juma la nne. Muda wote utakuwa siku 21, na ukiondoa siku nne za kwenda na kurudi, zimebaki 17. Amepoteza siku mbili na watoto wake kwa kutotazama kalenda. Tena, likizo ya mwisho wa mwaka hupata nyongeza, kwa kuwa tarehe 25 na 26 Desemba na tarehe 1 Januari hazikatwi katika siku za likizo zikiangukia siku za kazi.

Ombi la likizo lipelekwe mapema, na jina la atakayeshika kazi liandikwe ndani yake. Nakala ya ruhusa ipelekwe pia kwa mwajiri wa asili. Wengine hudharau jambo hili, wakisema mwenyeji ametosha. Lakini mtu akionwa Kampala katikati ya muda wa kuazimwa, na ofisi yake haina habari, maneno huanza kusemwa kwamba ametoroka au amefukuzwa.

NYUMBA ILIYOACHWA

Sasa yaja swali zito kuliko yote, nalo ni kama jamaa waende pamoja na mtumishi au wabaki. Hakuna jibu moja. Mtoto aliye katika mwaka wa mtihani wa taifa hafai kung'olewa, maana mitaala na mitihani ya nchi hizi mbili ni tofauti. Mke mwenye kazi yake au duka lake hawezi kuambiwa alifunge kwa ajili ya miaka miwili bila kufikiriwa atarudia nini. Kwa upande mwingine, mtoto mdogo asiyemwona baba yake ila mara mbili kwa mwaka humzoea kama mgeni, na nyumba mbili hula mshahara mara mbili. Wenye nyumba na wakae wapige hesabu ya mambo haya pamoja kabla ya barua kutiwa sahihi.

Wakiamua kwamba mama na watoto wabaki, basi mama asiachwe gizani. Nyumba nyingi za askari zimepata taabu kwa sababu bwana alikwenda na funguo za habari zote. Tuseme mama mmoja kambini anamwuliza mumewe usiku wa kufunga mizigo: "Baba watoto, ofisi ikiniuliza uko wapi na kwa amri ya nani, nionyeshe karatasi gani?" Mume akijibu kwamba mambo hayo ni ya ofisini, amekosa. Mambo hayo ni ya nyumbani pia, maana mshahara ukisimama, sufuria litakalokauka ni la nyumbani.

Kwa hivyo katika sanduku au mkoba mmoja wa nyumba ziwekwe nakala za barua ya kuazimwa, barua ya ajira ya kwanza, hati ya mshahara ya hivi karibuni, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na orodha ya simu tatu: ya ofisa utumishi nyumbani, ya ofisi ya mwenyeji, na ya mwenzake mmoja wa kazi huko aliko. Kama iko mali inayohitaji sahihi yake, kama kiwanja au mkopo wa benki, aandike hati ya uwakilishi mbele ya mwanasheria, akimtaja mkewe au ndugu anayemwamini na mipaka ya madaraka yake. Jamaa wakaao katika nyumba ya kambi au ya Serikali waulize kwa maandishi kama wataruhusiwa kubaki humo muda wote wa kuazimwa. Jibu la "bila shaka mtabaki" linalotoka kwa mkuu wa leo halimfungi mkuu wa kesho.

Kadhalika dharura ipangwe kabla haijafika. Mauti na maradhi hayaombi ruhusa. Mtumishi aulize siku ya kwanza kazini: nikifiwa, ruhusa hutolewa na nani usiku, nauli ni juu ya nani, na siku ngapi huhesabiwa za msiba kabla ya kuanza kukata likizo ya mwaka? Kwa walio wengi, mazishi hayangoji siku nyingi. Na kwa Waislamu, ambao huzika upesi, safari ya siku mbili kwa basi yamaanisha kufika baada ya matanga kuanza. Mwenye kuweka akiba ya nauli moja ya ndege, isiyoguswa kwa jambo jingine lolote, atakuwa amejinunulia nafasi ya kumzika mzazi wake. Na lisemwe pia lile ambalo watu huona haya kulisema: jamaa wajue ni ofisi gani itakayousafirisha mwili wa mtumishi akifa ugenini, na warithi wake wameandikwa wapi. Kunyamaza juu ya jambo hilo hakumzuii mtu kufa, bali humwachia mjane kazi ya kutafuta karatasi huku analia.

SIKU YA KURUDI

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Miezi sita kabla ya muda kwisha, aliyeazimwa na aanze kuuliza juu ya kurudi kwake. Kama mwenyeji anataka kumwongezea muda, maombi yapelekwe kwa mwajiri wa asili na yajibiwe kwa barua kabla ya tarehe ya mwisho. Anayebaki baada ya tarehe hiyo kwa ahadi ya maneno hana ofisi nyuma yake wala mbele yake. Kwa mwenyeji muda wake umekwisha, na nyumbani ameonekana kuwa mtoro. Siku za likizo zilizobaki zichukuliwe kabla ya kuondoka, kwa maana mwajiri wa asili hana wajibu wa kulipa deni la likizo la mtu mwingine.

Siku ya kuondoka asikubali kupewa karamu na mkono wa heri peke yake. Aombe barua itajayo tarehe aliyoanza na aliyomaliza, kazi alizofanya, siku za likizo alizochukua, kwamba hana deni la masurufu, na kwamba michango ya pensheni, kama ilitakiwa, ililipwa mpaka mwezi wa mwisho. Pamoja nayo achukue nakala za taarifa za kazi za kila mwaka. Akifika nyumbani, azipeleke kwa mkono wake mwenyewe kwa ofisa utumishi, azione zikitiwa katika jalada, na apewe nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wapo waliorudi na ujuzi mwingi wakakuta wenzao wamepandishwa vyeo, kwa sababu jalada lao lilionyesha miaka miwili mitupu, kana kwamba walikuwa wamelala.

Nchi inayowaazima watu wake kwa jirani huwapeleka wawe macho na masikio yake, na huwapokea wakiwa na maarifa ambayo hayafundishwi chuoni. Faida hiyo ni ya wote. Lakini isiwe kwamba nchi mbili zinafaidi na nyumba moja inapata hasara. Mkuu wa idara atiaye sahihi barua ya kumtoa mtumishi ana wajibu wa kuuliza habari zake walau mara moja kila nusu mwaka. Mwenyeji ana wajibu wa kumrudisha akiwa na haki zake zote. Na mtumishi mwenyewe, pamoja na mwenzi wake, wana wajibu wa kujua kila karatasi iko wapi. Yeyote katika nyumba hizi ambaye barua ya kuazimwa imemfikia juma hili, na aisome tena jioni ya leo pamoja na wa nyumbani mwake, neno kwa neno, na swali lisilojibiwa ndani yake aliandike na kulipeleka ofisini kesho asubuhi.